Ukimya una magamba: nilivyoharibu shairi la mtu kwa kulisahihisha

Nina stesheneri ndogo hapa Mwanga, Kigoma mjini, printa mbili moja mbovu, laptopu ya zamani, na kiti cha plastiki cha wateja ambacho mguu wake mmoja nimeufunga waya. Kazi zinazoingia ni zile zile, barua za kuomba kazi, fomu za mikopo, kadi za michango ya harusi, mihutasari ya vikao vya vikoba. Mashairi huwa hayaji. Kwaiyo siku dogo mmoja wa Ujiji alipoleta karatasi ya daftari imekunjwa mara nne akasema nimtaipie nimtolee kopi tano, mi sikuisoma kama shairi, nilitaipu kama ninavyotaipu vitu vyote, sikio moja liko kwenye redio, na mkono wangu ulishazoea kurekebisha makosa ya watu bila kuwauliza manake ukianza kuuliza kila kosa hufungi duka.

Mstari wa pili ulikuwa umeandikwa "Ukimya una magamba." Nikasema huyu kakosea. Nikaweka "Ukimya una majibu." Nikajiona nimemsaidia kabisa.

Alirudi baada ya lisaa, kazishika kopi zote tano mkononi, hajakasirika kwa kelele, yaani bora angepiga kelele. Akasema, "Braza, hapa umeniua." Nikamwambia dogo, ukimya una magamba ndo nini sasa? Akaniangalia, akasema we rudisha tu kama ilivyokuwa. Nikarudisha, nikamprintia nyingine bure, na kopi moja nikabaki nayo, kwa ruhusa yake, ndo hii hapa, na amekubali niiweke:

MBALAMWEZI

Baba karudi na boti tupu.
Ukimya una magamba.
Mama kaushika mkia,
kaukaanga kwa mawese,
tukala.

Basi. Mistari mitano. Nimekaa nayo miezi sasa na nataka niseme nilichokiona, si kuhusu dogo tu, kuhusu sisi tunaosoma, tunafanyaje hasa tukikuta maneno mawili yaliyokaa pamoja na hayana undugu wowote.

Kitu cha kwanza tunachofanya ni kile nilichofanya mimi, tunadhani ni kosa. Na sijisifii ila nimegundua siko peke yangu, hata ubongo wenyewe ndo unavyoanza. Mwaka 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego, walitoa utafiti ambao watu walivalishwa nyaya kichwani za kupima umeme wa ubongo halafu wakasomeshwa sentensi neno moja moja. Sentensi mojawapo ilikuwa ya mtu anayepaka mkate wa moto, msomaji anasubiri siagi, linakuja neno soksi. Kapaka mkate soksi! Hapo kwenye soksi umeme ukashuka ghafla, kama milisekunde 400 baada ya neno kutokea, yaani hata nusu sekunde haijaisha. Wimbi hilo wanaliita N400 mpaka leo. Na baadaye ikaonekana kwamba karibu kila neno lenye maana linaleta wimbi hilo, ila neno lililotegemewa linaleta kadogo na lisilotegemewa linaleta kubwa. Kwaiyo kabla hujasema "eti nini?" kichwa chako kilishauliza zamani. Mimi nikatumia ile nusu sekunde kubonyeza kitufe cha kufuta.

Sasa angalia, sarufi ya dogo haina tatizo hata moja. Ukimya una. Mama kaushika, kaukaanga, ile -u- inaurudia ukimya kila mahali, haijapotea njia. Ukimpa mwalimu wa Kiswahili asahihishe hapati pa kuchora mstari mwekundu. Kilichopinda ni dunia. Noam Chomsky, mwanaisimu wa Marekani, mwaka 1957 alitunga sentensi maarufu ya kuonesha kitu hicho hicho, ukiiweka kwa Kiswahili inakuwa hivi, mawazo ya kijani yasiyo na rangi yanalala kwa hasira. Ya, yasiyo, yana, ngeli imenyooka kama reli, maana hakuna. Au alidhani hakuna, manake watu hawakumwacha. Mwaka 1985 pale Chuo Kikuu cha Stanford wakaandaa shindano kabisa la kuitafutia ile sentensi mahali ambapo itakuwa na maana, na kuna mtu akaleta habari ya vitunguu vya maua vilivyolala chini ya udongo msimu wa baridi, vyeupe, havina rangi, na ndani yake kuna wazo la kijani linasubiri. Ukishasikia hivyo huwezi tena kuisoma ile sentensi kama takataka. Mtu ukimpa maneno mawili tu hata yawe mageni vipi atayatafutia pa kukutana.

Na sisi Waswahili tunajifanya tunashangaa magamba ya ukimya wakati mdomo wetu umejaa vitu vya ajabu zaidi. Hebu chukua neno kula peke yake. Mtu anakula kiapo. Anakula njama. Anakula hasara, anakula kona, anakula bata na hajaona hata unyoya. Mzee kala chumvi nyingi na hakuna anayeuliza kilo ngapi. Halafu kupiga ndo usiseme, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga moyo konde, hilo la mwisho ukilitazama vizuri ni mtu anapiga moyo wake ngumi, na tunalisema msibani kwa sauti ya upole kabisa. Haya yote siku ya kwanza lazima yalikuwa mageni kwa mtu fulani, na kuna mtu alisikia "kula njama" mara ya kwanza akakunja uso. Sasa hivi yamelainika kama ngazi ya stesheni, tunapita juu yake hatuangalii chini. Dogo anaposema tukala ukimya, kusema kweli anatumia mlango ambao lugha ilishaufungua, mi nilikuwa tu sijauona manake nilikodoa kwenye magamba.

Basi nikaanza kuwaonesha watu. Sikuwa na mpango wowote wa utafiti, nilikuwa nimeibandika ukutani pembeni ya bei za fotokopi.

Wa kwanza kuisoma ni mzee mmoja tunamwita ustadhi, anakuja kutoa kopi za karatasi za madrasa. Kasoma mara moja, kaanza kuhesabu vidole. Kumi, nane, tisa, tisa, tatu. Akasema, "Hili ni shairi au namba ya simu?" Ustadhi ni mtu wa mizani, na ana haki yake, manake hapa kwetu ndo nyumbani kwa hizo sheria. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye waziri, kazaliwa Ujiji mwaka 1924, na kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka 1954 ndicho wazee wa aina ya ustadhi wanachokishikilia mpaka leo, vina, mizani, mistari, vituo. Tukabishana. Nikamwambia ustadhi, mbona hata nyie wenye vina mnaleta maneno mageni, kina kikiwa -mba mtu anatafuta neno lolote linaloishia -mba analivuta kwa nguvu linakuja kukaa na jirani ambaye hawajawahi kusalimiana, akacheka akakubali. Akasema ndiyo, kina ni kama harusi ya kupangiwa, wengine wanakuja kupendana humo humo ndani. Ila akasema sisi tulizoea kuboronga sarufi, maneno tunayageuza mbele nyuma ili mizani itimie, msomaji kazi yake ilikuwa kuyapanga upya, ukiyapanga maana iko pale. Huyu mtoto hajaboronga chochote, hakuna cha kupanga. Ndo maana anachosha.

Hapo ustadhi kagusa penyewe bila kutaka. Kwenye kuboronga kuna sentensi nzima imefichwa nyuma, unairudisha. Kwenye magamba ya ukimya hakuna sentensi nyuma, hakuna "kwa maneno mengine."

Halafu akaniambia kitu ambacho sikukijua, kwamba neno letu la istiara kwa Kiarabu asili yake ni kuazima. Unaazima kitu cha huyu unampa yule. Na kwamba kuna mwanachuoni, Abdul-Qahir al-Jurjani, aliyefariki 1078, ambaye aliandika kwamba kadiri vitu viwili vilivyo mbali ndivyo nafsi inavyofurahi zaidi vikikutanishwa. Ustadhi anaijua hiyo hoja, anaiheshimu, na bado hataki shairi la dogo. Nampenda kwa hilo.

Kama ni kuazima basi swali ni nini hasa kinaazimwa, manake gamba lina mambo mengi. Wa pili alikuwa fundi boti wa Kibirizi, kaja kulaminisha kitambulisho. Huyu hakukunja hata uso. Akasema samaki ukimpapasa kutoka kichwani kwenda mkiani ni laini kabisa, ukirudisha mkono kinyume anakukwaruza. Ukimya wa mwanaume aliyekosa ndo ulivyo, ukienda nao uelekeo wake hakuna shida, mnakaa tu, ila ukitaka kuurudisha nyuma, ukianza "ilikuwaje, kwa nini," unaumia mkono. Nilibaki mdomo wazi. Mtu kaja na kitambulisho kaniachia hiyo kwa mia tano ya laminesheni.

Mwalimu mmoja wa sekondari akasema gamba ni kinga, ukimya unamlinda baba asiseme aibu yake. Nzuri pia, ila ilikuwa na harufu ya mtihani, unajua yale majibu ya "mshairi ametumia tashihisi ili," sikuisikia kwenye ngozi kama ile ya fundi.

Kijana mwingine akacheka sana, akasema hii ni siasa. Magamba! Manake wanaokumbuka mwaka 2011 wanajua CCM walikuja na habari ya kujivua gamba, yaani chama kujisafisha, na tangu hapo mtaani neno magamba likawa na mwenyewe. Akaisoma yote hivyo, baba ni mwananchi, boti tupu ni bajeti. Nikamwuliza sasa mama kushika mkia ni nini, kukaanga kwa mawese ni nini, akahangaika hangaika akasema mkia ni... wabunge? Tukacheka wote. Na hapo ndo niliona namna maana zinavyokatwa. Maana yoyote inaruhusiwa kuingia mlangoni, hakuna mlinzi, lakini ikifika mstari wa tatu inatakiwa ifanye kazi, na mstari wa nne ifanye kazi, ya siasa ilichoka njiani. Ya fundi ilifika mpaka kwenye mkia, manake mkono uko pale pale unashika.

Nikaituma kwenye grupu letu la wasapu la washairi, wengi wako Dar na Arusha. Huko mambo yakawa mengine kabisa. Waligandia kichwa cha shairi. Mbalamwezi! Wakasema loo, mshairi kaweka nuru ya mbalamwezi, mahaba, juu ya njaa, kinzani hatari, mmoja akaandika aya nne kuhusu uzuri unaotesa. Mimi niko Mwanga nacheka peke yangu. Manake hapa mtu yeyote wa Kibirizi au Katonga akisikia mbalamwezi wazo la kwanza ni njaa. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sasa hivi taa za sola, taa inawaita dagaa wanakusanyika, na mwezi ukiwa mkali ziwa zima lina taa, yako haina maana, dagaa hawana sababu ya kuja kwako. Kwaiyo siku za mwezi mkubwa watu wanavuta boti juu, wanashona nyavu, wanadaiwa dukani. Nilipomwonesha fundi kichwa cha shairi hakuona kinzani yoyote, aliuliza tu, "Sasa huyo mzee nani kamtuma ziwani mbalamwezi?" Akamlaumu baba wa kwenye shairi kama jirani yake.

Ona basi. Maneno yale yale, mbalamwezi na boti tupu, Dar ni ushairi mzito, Kibirizi ni taarifa ya habari. Ugeni haukuwa kwenye maneno, ulikuwa kwa msomaji, kwamba vitu viwili vimewahi kukaa pamoja kwenye maisha yake au la. Na sidhani kama wa Dar walikosea, walipata kitu, ila walikipata kwa kupanda mlima wakati sisi tunaishi juu. Mwingine akaniuliza kama imeandikwa kipindi kile ziwa lilipofungwa uvuvi, Mei hadi Agosti 2024, nikamwambia hapana, lakini nikaisoma tena kwa kipindi hicho na ikakubali, boti zimelala ufukweni, nyumba nzima iko kimya. Shairi halikukataa.

Sasa msinielewe vibaya eti kila kigeni ni kizuri. Kwenye grupu hilo hilo kuna mtu huwa anatutumia vitu kama "machozi ya kompyuta yanacheka kwenye ugali wa ndoto." Kila neno limetoka kijiji chake halijui limekuja kufanya nini. Na ukimwuliza anasema ushairi hauelezwi. Nina kipimo changu cha kishamba, nabadilisha neno moja naangalia kama kuna kinachovunjika. Weka machozi ya televisheni. Weka wali wa ndoto. Hakuna kilichotokea, nyumba iko vile vile manake haikuwepo. Sasa rudi kwa dogo uweke "ukimya una manyoya." Mkia unabaki unaning'inia, mawese hayajui yanakaanga nini, Kigoma yote inaondoka inabaki kuku. Neno moja linavuta mengine yote, kama uzi wa wavu.

Aliyenimaliza ni mama mmoja anauza dagaa pale soko la Mwanga, ananiletea daftari la kikundi chao nilipige kopi. Hasomi sana mashairi, alikuwa anasubiri printa ipoe. Kasoma ukutani kwa sauti, polepole, kafika mwisho, karudi juu. Akasema, "Mwanangu, samaki yuko wapi hapa?"

Nikamwambia mama si ndo hao, magamba, mkia, kukaanga.

Akasema, "Nimeona magamba. Nimeona mkia. Nimeona mawese. Samaki hajaandikwa."

Nikasogea ukutani. Kweli. Nimeitaipu kwa mkono wangu, mara mbili, nimeibishania na nusu ya mji, na sikuona kwamba neno samaki halipo. Kila mtu aliyesoma alikuwa anamweka mwenyewe. Boti ilirudi tupu, na shairi lote lina umbo la samaki bila samaki, tumekaa mkekani na gamba na mkia na mafuta na katikati hakuna kitu. Mama akachukua daftari lake akaondoka, hakujua kama kasema jambo.

Tangu siku hiyo nawaza vitendawili. Nyumba yangu haina mlango, yai. Na pale kuna nyumba ambayo si nyumba na jibu halijatajwa, msikilizaji anatakiwa alilete. Tofauti ni kwamba kwenye kitendawili ukishindwa unasema chukua mji, unatoa mji, unapewa jibu mnaendelea na kingine. Dogo hachukui mji. Ukimwuliza anasema rudisha kama ilivyokuwa.

Ila mwisho alinieleza, nikiwa sijauliza, siku amekuja kununua kalamu. Akasema kwao baba akirudi mikono mitupu mama alikuwa anachemsha mawese na chumvi na kitunguu, wanachovya ugali, na hakuna mtu anaongea mpaka sahani zitolewe. Hilo tu. Hakuwaza kukwaruza wala kinga, magamba yalikuja yenyewe, akasema, manake masufuria ya kwao daima yana magamba yamegandia pembeni hata ukisugua vipi. Nikamwambia habari ya samaki asiyeandikwa. Alikaa kimya kidogo akasema hakujua, alidhani amemtaja.

Sasa nina maelezo ya mwenyewe, na unaweza kudhani ndo yamefunga kesi. Mi nakiri yalinigusa, lakini nikilisoma shairi sasa hivi bado mkono wa fundi uko pale unarudi kinyume, na lile swali la mama liko pale, na sufuria la dogo limekaa pembeni yao kama mgeni wa tatu. Mwenye shairi kapata kiti kimoja kama wengine. Ustadhi alipolisikia hilo akasema mambo ya ajabu, na kahesabu tena vidole.

Juzi dogo kaleta jingine. Lina mstari unasema "saa ya stesheni inakunywa maji ya mgeni." Nimeuangalia sana. Mkono ukataka kwenda kwenye kitufe nikauvuta, nikataipu herufi kwa herufi kama ulivyo. Fundi kauona kasema hajui. Jana nimempigia yule mama mara mbili nimsomee kwa simu, hajapokea, ni siku za giza hizi, dagaa wamejaa Kibirizi na hana muda na mimi.